Mjamzito mwenye kisukari na karatasi ya vitamini D

Wiki ya 26 ya ujauzito mama anaambiwa ana kisukari cha ujauzito. Wiki mbili baadaye ana karatasi nyingine mkononi, safari hii kutoka maabara binafsi, imeandikwa kwamba vitamini D iko chini. Jirani amemwambia hiyo ndiyo iliyoleta sukari. Muuzaji wa duka la dawa ana chupa ya matone, ana vidonge, na ana sindano ya dozi kubwa ambayo kwa maelezo yake humaliza kazi mara moja. Nyumbani vijiti vya kupimia sukari vimekwisha na pesa iliyopo inatosha kitu kimoja tu. Kinunuliwe kipi?

Vijiti. Hilo halina ubishi, na sababu zake ziko hapa chini. Lakini swali la vitamini D nalo si la kupuuzwa, kwa sababu ndani yake kuna ukweli kiasi, kuna biashara nyingi, na kuna mambo mawili matatu yanayoweza kumdhuru mama au mtoto yakieleweka vibaya.

Tuanze na ukweli. Watafiti wa nchi nyingi wamepima damu za wajawazito na kukuta jambo hilohilo: wenye kisukari cha ujauzito mara nyingi wana vitamini D ndogo kuliko wenzao wasio na kisukari. Kuna maelezo ya kibaiolojia pia. Kongosho, kiungo kinachotoa insulini, kina sehemu za kupokea vitamini D, na misuli inayotumia sukari inazo vilevile. Kwa hiyo wazo kwamba vitamini ikipungua insulini nayo italegea si wazo la kijinga.

Tatizo ni kwamba vitu viwili kukutwa pamoja hakuthibitishi kwamba kimoja kimeleta kingine. Vitamini D huyeyuka katika mafuta. Mtu mwenye uzito mkubwa huwa na kiasi kidogo cha vitamini hiyo kwenye damu kwa sababu sehemu yake imejificha kwenye mafuta ya mwili. Na uzito mkubwa huohuo ni moja ya sababu kubwa za kisukari cha ujauzito. Mama anayekaa ndani siku nzima, asiyetembea, hupata jua kidogo na hupanda sukari. Hapo kukaa ndani kumeleta yote mawili, na matone peke yake hayatamtoa mtu kwenye kiti.

Njia ya kulijua hili ni kuwapa watu vitamini D na kuona kama kisukari kinapungua. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioitwa D2d, uliotolewa mwaka 2019, uliwachukua watu wazima 2,423 waliokuwa kwenye hatari ya kupata kisukari cha aina ya pili. Nusu walipewa yuniti 4,000 za vitamini D kila siku, nusu wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya takribani miaka miwili na nusu, waliopata kisukari upande wa vitamini walikuwa pungufu kidogo, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba ingeweza kuwa bahati tu. Hao hawakuwa wajawazito. Kwa wajawazito, mkusanyo wa tafiti wa shirika la Cochrane wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba huenda vitamini D inapunguza kisukari cha ujauzito na shinikizo la damu linalotangulia kifafa cha mimba. Habari hiyo ilienea sana, na hadi leo inanukuliwa kwenye matangazo. Ambacho hakikuenea ni kwamba mwaka 2024 mkusanyo huohuo ulifanywa upya, tafiti ambazo hazikupita ukaguzi wa kuaminika zikaondolewa, na zilizobaki zikaacha jibu kwenye mashaka makubwa.

Huko Dhaka, Bangladesh, wajawazito 1,300 walishiriki utafiti uliochapishwa mwaka 2018. Baadhi yao walipata hadi yuniti 28,000 kwa wiki. Vitamini kwenye damu zao ilipanda vizuri, lakini watoto wao hawakuzaliwa wakubwa zaidi wala hawakukua haraka zaidi ya wale ambao mama zao hawakupewa. Karatasi ya maabara ilipendeza, mtoto akabaki vilevile.

Kwa hiyo jirani aliyesema vitamini D imeleta sukari amesema zaidi ya kinachojulikana. Na mtu akimwambia mama aache metformini au insulini atumie matone, huyo ni wa kukimbiwa.

Jua lipo, kwa nini vitamini haipo?

Wengi hushangaa hapa. Nchi za ikweta zina jua mwaka mzima. Ni kweli, na ngozi ikipata jua la kutosha kazi hufanyika. Mwaka 2012 ulitolewa utafiti uliopima damu za Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha yao ya asili, watu 60 kwa jumla. Wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho Wazungu wengi hukifikia kwa vidonge tu. Na hawakuwa watu wa kujianika. Wahadzabe hukaa kivulini jua likiwa kali, Wamasai hujifunika shuka. Isipokuwa siku yao yote inapita nje.

Mama wa mjini ana siku nyingine kabisa. Anatoka nyumbani kabla ya jua kupanda, anakaa kwenye gari, anafanya kazi ofisini au dukani, anarudi jioni. Kioo cha dirisha huzuia ile sehemu ya mwanga inayotengeneza vitamini D, kwa hiyo kukaa karibu na dirisha lenye jua hakusaidii kitu. Ngozi nyeusi nayo ina kinga yake ya asili, inahitaji muda mrefu zaidi wa jua kuliko ngozi nyeupe kupata kiasi kilekile.

Mavazi pia yana sehemu yake, na hili lisemwe bila kumlaumu mtu. Mwanamke anayejisitiri mwili mzima hawezi kutegemea jua la barabarani. Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Ghuba, ambako familia nyingi za pwani ya Afrika Mashariki zina ndugu. Katika mji wa Al Ain, Falme za Kiarabu, wajawazito wa Kiarabu waliopimwa katika utafiti uliotolewa mwaka 2013 walianza na wastani wa nanogramu 8.2 kwa mililita. Hicho ni kiwango cha chini sana, na jua la Al Ain hakuna asiyelijua. Lakini joto huwaweka watu ndani, na wakitoka wamejifunika. Waliopewa yuniti 2,000 au 4,000 kila siku walipanda zaidi ya waliopewa 400. Mama wa Mombasa, Unguja au Muscat anayevaa buibui na nikabu hahitaji kubadili vazi lake. Anachohitaji ni kumwambia mkunga wazi kwamba hapati jua, maana hilo ndilo jambo litakaloamua kama anahitaji kidonge. Wenye ua wa ndani au baraza la wanawake lisilofunikwa juu wana bahati ya ziada.

Kisha kuna lile jua la asubuhi. Karibu kila bibi amewahi kusema jua la saa moja ndilo lenye vitamini. Ni jua zuri, halichomi, na mama aliyekaa barazani na mtoto wake asubuhi hafanyi kosa lolote. Ila vitamini D humo ni kidogo sana, kwa sababu jua likiwa chini angani ule mwanga unaohitajika huishia njiani. Kipimo chepesi ni kivuli. Kivuli kikiwa kirefu kuliko mtu mwenyewe, ngozi haitengenezi kitu cha maana. Kikiwa kifupi kuliko mtu, inatengeneza. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki hiyo ni kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Hakuna haja ya kukaa juani hadi kuungua. Kuanika nguo, kutembea kwenda sokoni mikono ikiwa wazi, siku kadhaa kwa wiki, kunawatosha wengi. Mtoto mchanga asiwekwe kwenye jua kali la mchana. Yeye ana njia yake, itaelezwa chini.

Kwa mwenye kisukari kuna faida mbili kwa tendo moja. Kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula hushusha sukari. Matembezi hayo yakiwa baada ya chakula cha mchana, jua linapatikana humohumo. Anayetumia insulini abebe maji na kitu kitamu cha kumwokoa sukari ikishuka ghafla.

Mama mwenye ualbino asifuate hata neno moja la aya hizi mbili. Hatari yake ya saratani ya ngozi ni kubwa mno, na vitamini D yake itoke kwenye chakula na kidonge.

Karatasi inasema nini hasa

Maabara hutumia vipimo viwili tofauti, na hapa watu wengi hupata hofu ya bure. Moja huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita. Nanogramu 1 ni sawa na nanomoli 2.5. Kwa hiyo "20" ya maabara ya kwanza na "50" ya maabara ya pili ni kitu kilekile. Mama aliyepima hapa akapata 50, kisha akapima kule akapata 20, anaweza kudhani ameporomoka wakati hakuna kilichobadilika. Kabla ya kusoma namba, itazamwe herufi zilizo pembeni yake.

Taasisi ya Tiba ya Marekani, katika ripoti yake iliyochapishwa mwaka 2011, ilisema nanogramu 20 zinawatosha karibu watu wote, na chini ya 12 ndiko kwenye hatari ya upungufu. Chama cha madaktari wa homoni cha nchi hiyohiyo kilitaka 30. Ndiyo maana maabara nyingi huandika "pungufu" kwa mtu mwenye 24. Mwaka 2024 chama hicho kiliiacha ile 30 chenyewe. Basi mama mwenye 22 au 26, anayekula vizuri na kutoka nje, hana sababu ya kukosa usingizi. Mwenye 7 ni habari nyingine, na huyo atibiwe.

Je, kila mjamzito mwenye kisukari apimwe? Hapana. Kipimo ni ghali na mara nyingi hakibadilishi kinachofanyika. Kinafaa pale kuna dalili, au mama ana ugonjwa wa figo au ini, au ametumia kwa muda mrefu dawa zinazomaliza vitamini D mwilini, kama rifampisini ya kifua kikuu na baadhi ya dawa za kifafa. Figo zitajwe kwa mkazo, kwa sababu vitamini D kutoka kwenye ngozi au chakula hupitia ini, kisha figo, ndipo iwe tayari kufanya kazi. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa na figo zilizochoka bila kujua.

Kidonge: kiasi gani?

Wataalamu hawajakubaliana, na ni afadhali wazazi wakajua hivyo kuliko kudanganywa kwamba kuna jibu moja. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kila mjamzito apewe vitamini D. Linasema anayedhaniwa ana upungufu anaweza kupewa yuniti 200 kwa siku. Uingereza, nchi ya mawingu, huwashauri wajawazito wote kutumia yuniti 400, yaani mikrogramu 10. Marekani husema 600 kwa siku kutoka vyanzo vyote. Na kile chama cha madaktari wa homoni, mwaka 2024, kilipendekeza wajawazito wapewe vitamini D bila kuwapima kwanza. Kila mmoja anatazama watu wake, na kila mmoja amepima ushahidi huohuo wenye mashaka kwa mizani yake.

Wanachokubaliana wengi ni dari. Yuniti 4,000 kwa siku ndicho kiwango ambacho mjamzito asikivuke kwa uamuzi wake mwenyewe. Kati ya 400 na 1,000 ni kiasi cha kawaida ambacho mama asiyepata jua anaweza kutumia bila wasiwasi baada ya kuongea na kliniki yake. Kabla ya kununua, zisomwe lebo zote zilizoko nyumbani. Kidonge cha wajawazito chenye mchanganyiko wa vitamini mara nyingi tayari kina D, kidonge cha kalsiamu nacho kina D, na matone juu yake ni mara ya tatu.

Sindano ya yuniti laki tatu au laki sita si ya kuchomwa dukani. Vitamini D ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu, na dalili zake ni kiu, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, kufunga choo na uchovu. Mama mwenye kisukari akipata kiu na kukojoa sana, wote watasema ni sukari. Watamwongezea insulini huku tatizo likiwa jingine.

Tahadhari nyingine ni mafuta ya ini la samaki aina ya chewa, yale ambayo wazee walinyweshwa kwa kijiko. Yana vitamini D, lakini yana vitamini A nyingi pia, na vitamini A ya aina hiyo ikizidi inaweza kuharibu maumbile ya mtoto tumboni. Kwa sababu hiyohiyo, maini ya ng'ombe yasiliwe kila siku wakati wa ujauzito.

Chakula salama zaidi kipo sokoni. Vibua, dagaa na kiini cha yai vina vitamini D, ingawa si nyingi kiasi cha kuchukua nafasi ya jua. Dagaa wana jambo la ziada: wanaliwa na mifupa yao, na mifupa ni kalsiamu. Wao ni wadogo, hivyo hawana zebaki nyingi kama papa na nduaro, ambao mjamzito awaepuke. Sahani ya dagaa, mboga za majani na ugali wa kiasi haipandishi sukari kama sahani ya wali iliyojaa. Hakuna matone yanayoweza kusema hivyo.

Mtoto naye

Sehemu hii ndiyo inayofanya vitamini D iwe jambo la kweli na si fasheni. Mtoto tumboni hupata vitamini D yake yote kupitia kondo la nyuma. Mama akiwa na kidogo sana, mtoto huzaliwa akiba ikiwa karibu tupu. Matokeo yanaweza kuwa kalsiamu kushuka siku za mwanzo, mtoto akatetemeka au kupata degedege, na baadaye mifupa kulegea na matege.

Sasa aunganishwe na kisukari. Watoto wa mama wenye kisukari, hata vitamini D ikiwa sawa, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kushuka sukari na kalsiamu baada ya kuzaliwa. Mama mwenye yote mawili ana mtoto wa kuangaliwa kwa makini zaidi. Kwa hiyo azalie hospitali inayoweza kumpima mtoto sukari, amnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza, na awaambie wahudumu kwamba vitamini D yake ilikuwa chini sana kama ilipimwa. Mtoto mchanga anayetetemeka, anayelegea au asiyetaka kunyonya asisubiri asubuhi.

Maziwa ya mama ni chakula kamili kwa karibu kila kitu, isipokuwa vitamini D humo ni kidogo. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri mtoto anayenyonya apewe yuniti 400 kwa siku tangu siku za mwanzo. Kwa mama asiyepata jua ushauri huo una maana popote alipo, na ni wa kujadiliwa na daktari wa mtoto. Atakayepewa matone aangalie kifaa cha kupimia: chupa nyingine hubeba yuniti 400 kwenye tone moja, nyingine kwenye mililita nzima. Kuchanganya hizo mbili ni kumpa mtoto dozi mara nyingi ya inayotakiwa, na mwaka 2010 mamlaka ya dawa ya Marekani ililazimika kutoa onyo kuhusu jambo hilo.

Turudi kwenye vijiti

Kinachomkinga mama mwenye kisukari na mtoto mkubwa kupita kiasi, uzazi mgumu, shinikizo la damu na mtoto kushuka sukari ni sukari yenyewe kudhibitiwa. Malengo ambayo kliniki nyingi hutumia ni chini ya 5.3 kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Bila vijiti mama hajui yuko wapi. Dagaa zake, matembezi yake na dawa yake vyote vinapimwa kwa tone hilo la damu kidoleni.

Kwa wale waliokuwa na kisukari kabla ya kushika mimba, kuna vidonge vilivyo na ushahidi mzito kuliko vitamini D. Foliki asidi ni ya kwanza, na wao mara nyingi huhitaji dozi kubwa, miligramu 5, kuanzia kabla ya mimba hadi wiki ya 12. Aspirini ya dozi ndogo ni ya pili, kwa maelekezo ya daktari tu. Anayetumia metformini kwa miaka mingi aulize pia kuhusu vitamini B12, maana dawa hiyo huipunguza. Ni ajabu kidogo kwamba karatasi za vitamini D zimejaa mikobani huku B12 haiulizwi na mtu.

Na baada ya kujifungua, kazi moja hubaki ambayo familia nyingi huisahau kwa sababu mtoto amefika na shangwe zimeanza. Mwanamke aliyepata kisukari cha ujauzito ana uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili baadaye unaofikia mara 7 ya mwenzake ambaye hakukipata. Anatakiwa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12, kwa kunywa glukosi gramu 75 akiwa hajala. Mtoto ana chanjo wiki ya 6 na wiki ya 10. Baba anayewasindikiza siku hiyo anaweza kuulizia mapema kama kituo hicho kinapima, mama akalala bila kula, na wote wawili wakahudumiwa kwa nauli moja.